Quiet na kisingizio cha ngozi

Katika Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, gemu iliyotoka mwaka 2015, yupo mdunguaji wa kike anayeitwa Quiet. Anapigana Afghanistan ya mwaka 1984, na baadaye mpakani mwa Angola na Zaire, akiwa na bikini na taiti iliyochanika. Wanaume anaopigana nao bega kwa bega wamevaa gwanda na buti. Tunaelezwa kwamba aliungua vibaya, akatibiwa kwa vimelea, na sasa anapumua na kunywa maji kupitia ngozi. Akijifunika, atakosa pumzi.

Haya, tuikubali sababu hiyo. Sasa turudi mwaka 2004, kwenye Metal Gear Solid 3 ya mtengenezaji huyohuyo, Hideo Kojima. Humo kuna mdunguaji mwingine, The End, babu aliyevuka miaka mia, ambaye mwili wake nao hujilisha kwa mwanga wa jua kama mmea. Babu yule kavaa gwanda lake kamili. Hakuna aliyeona haja ya kumvua shati ili jua limpate vizuri.

Isitoshe, ukishazoeana na Quiet, gemu yenyewe inakuruhusu kumvisha vazi la Sniper Wolf, mdunguaji wa kike wa Metal Gear Solid ya kwanza, vazi linalofunika sehemu kubwa ya mwili. Analivaa, na hafi.

Kwa hiyo bikini ilitangulia, vimelea vikafuata. Wala si dhana yangu tu: mwaka 2013 Kojima mwenyewe aliandika Twitter kwamba alimtaka mchoraji wake aongeze mvuto wa kimapenzi kwa wahusika, ili watu wapende kuwaigiza kwa mavazi na sanamu zao ziuzike. Kelele zilipozuka, akasema tukijua siri ya mavazi hayo tutaona aibu kwa maneno yetu. Siri nimeijua, na aibu sijaiona.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Quiet ni mhusika mzuri. Anakaa kimya kwa sababu nzito, na uamuzi wake wa mwisho wa kuuvunja ukimya huo ni kati ya mambo yenye uzito mkubwa katika hadithi nzima. Kisha kumbuka jinsi kamera ilivyokuwa ikimchungulia ndani ya helikopta, ikishuka kifuani na kupanda mapajani, wakati yeye hana hata neno moja la kujibu. Kamera hiyo haijawahi kumfanyia hivyo Ocelot, mwanamume wa kikosi hichohicho.

Mtu ataniambia wanaume wa kwenye gemu nao wamechorwa vifua vipana na misuli ya ajabu. Ni kweli, lakini misuli ile mchezaji anapewa ajione yeye ndiye mwenye nguvu. Bikini ya Quiet haimpi mchezaji nguvu yoyote. Inampa cha kutazama.

Wala sidai kila mwanamke wa kwenye gemu avikwe baibui. Bayonetta, mchawi wa kike wa gemu ya mwaka 2009 yenye jina lake, aliyechorwa na mwanamke, Mari Shimazaki, yuko wazi kuliko wengi, na najua naye ana kisingizio chake: vazi lake ni nywele zake, akizitumia kuita mashetani, ndiyo hivyo tena. Lakini yule anaongea, anadhihaki, anakatika makusudi mbele ya kamera na kuwacheka maadui zake. Wapo wanaokereka naye, na wana hoja zao. Mimi nikiwa naye najiona nimealikwa kwenye maonyesho yake. Kwa Quiet, najiona nachungulia dirishani.