Karate au taekwondo kwa mtoto: tazama kwanza pointi zinatolewaje

Mzazi wa Arusha anayetafuta mchezo wa kumpeleka mtoto Jumamosi, kama ratiba ya twisheni itamwachia nafasi, huambiwa kwamba karate ni mchezo wa mikono na taekwondo ni mchezo wa miguu, kisha huachwa achague mwenyewe. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamsaidii. Kwa maoni yangu, tofauti yenye uzito iko katika sheria za mashindano, kwa kuwa kinachopewa pointi ndicho mwalimu atakachokifundisha kila wiki, na kinachoadhibiwa ndicho mtoto atakachozoea kukiepuka.

Kwa asili, michezo hii ina undugu wa karibu kuliko mashabiki wake wanavyopenda kukiri. Karate ilitoka Okinawa, na mwalimu wake Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Choi Hong Hi, jenerali wa Korea Kusini anayehusishwa na jina la taekwondo lililopitishwa mwaka 1955, alikuwa amejifunza karate nchini Japani. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba Anko Itosu, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alitunga kwa ajili ya wanafunzi wa shule zile kata tano, yaani mifululizo ya mapigo na misimamo inayofanywa bila mpinzani, ambazo mtindo wa karate wa Shotokan unaziita Heian. Kwa hiyo karate imekuwa na mtaala wa watoto kwa zaidi ya miaka 100, na mtaala huo bado unafundishwa.

Njia zinaachana ulingoni. Katika taekwondo inayosimamiwa na shirikisho la dunia, ngumi halali ya kifuani hupata pointi 1, teke la kiwiliwili pointi 2 na teke la kichwani pointi 3. Teke la kugeuka hupata 4 likitua kiwiliwilini na 5 likitua kichwani, wakati ngumi ya kichwani ni marufuku. Ni dhahiri kijana anayetaka kushinda atawekeza wapi jasho lake. Karate ya mashindano nayo hulipa teke la kichwani pointi 3, la kiwiliwili 2 na ngumi 1, lakini inamtaka mchezaji aonyeshe pigo kamili na wakati huohuo alidhibiti, na akimuumiza mwenzake anaadhibiwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Agosti 2021 katika fainali ya uzito wa juu ya Olimpiki ya Tokyo: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 teke lake lilipomwangusha Sajad Ganjzadeh wa Iran hadi akapoteza fahamu, naye Hamedi akaondolewa mchezoni na dhahabu ikaenda kwa aliyeangushwa. Katika taekwondo, teke halali la namna hiyo lingemaliza pambano kwa ushindi.

Wapo wanaoiona sheria hiyo ya karate kuwa kichekesho, na hoja yao haipaswi kudharauliwa: mtoto aliyezoea kusimamisha ngumi karibu na shabaha anaweza kudanganyika kuhusu nguvu na umbali. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka 7 atakayerudi Jumatatu kwenye darasa lililojaa wenzake, uwezo wa kuzuia mkono wake ndio atakaoutumia mara nyingi zaidi. Nikiri pia kwamba si karate yote iko hivyo. Mtindo wa Kyokushin hupiga mwili kwa nguvu kamili, na mzazi anapaswa kuuliza mtindo kabla ya kulipa ada.

Upande wa taekwondo una sifa ambayo walimu wengi wa karate hawaiwezi, nayo ni kumfurahisha mtoto mapema. Teke linapotua kwenye pedi na kutoa mlio, mtoto anajua papo hapo kwamba amefanikiwa, huku mwenzake wa karate akirudia hatua ileile ya zenkutsu-dachi, msimamo wa kukunja goti la mbele, na kukemewa kwa sababu ya goti hilo. Unyumbufu wa nyonga na usawa wa mwili hujengeka haraka zaidi kwa mateke. Mtoto aliyeacha karate kwa kuchoshwa hakufaidika chochote na kata za Itosu.

Lakini mateke hayo yanahitaji sakafu. Mahali ambapo mazoezi hufanyika kwenye saruji ya darasa la kuazima au ukumbi wa kanisa, bila mikeka ya sponji, mtoto anayerusha teke la kugeuka huku amesimama kwa mguu mmoja anaweza kuanguka vibaya, wakati kata na misimamo ya chini haidai zaidi ya nafasi. Karate nayo huruhusu kufagia mguu katika pambano, ila mwalimu anaweza kulichelewesha zoezi hilo kwa miaka. Gharama zinafuata mkondo huohuo: sare ya karate hata fundi cherehani anaweza kuishona kwa kitambaa kizito cha pamba, lakini pambano la taekwondo linahitaji kinga ya kifua, ya kichwa, ya miguu na mikono, pamoja na ya meno, na mashindano makubwa hutumia kinga za elektroniki zinazosoma pigo. Klabu changa haziwezi kuzimudu kirahisi.

Anayewaza medali ana sababu nzuri ya kuegemea taekwondo. Imo katika Olimpiki rasmi tangu Sydney mwaka 2000, na Cheick Sallah Cissé aliipatia Kodivaa dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kupitia mchezo huo mjini Rio mwaka 2016. Karate ilishindaniwa Tokyo pekee, ambako Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu, kisha haikuwemo Paris mwaka 2024.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, kwa kumbi tulizo nazo hapa Arusha, ningechagua karate ya mtindo wa udhibiti. Aliyefika miaka 11 au 12, anayependa ushindani na aliyepata klabu yenye mikeka na kinga za kutosha, simzuii kwenda taekwondo, ilimradi mwalimu akubali kueleza waziwazi ni lini na kwa masharti gani anaruhusu mateke ya kichwani.