Gemu za ndege na uvutano wa huko juu: lalamiko la kweli, mahali pasipo pake

Kuna lalamiko moja ambalo halichoki kurudi miongoni mwa wapenzi wa gemu za urubani. Mtu anapandisha ndege hadi futi 40,000, au 60,000 kama ana ndege ya kijeshi, anatazama namba zake, kisha anatoa hukumu: gemu inajiita halisi, lakini uvutano wa dunia ndani yake ni uleule wa 9.81 (mita kwa sekunde, kila sekunde) kuanzia kwenye lami ya uwanja hadi karibu na anga la nje. Mwenzake anamjibu kwamba tofauti ni ndogo mno, hakuna rubani atakayeiona. Hapo ubishi unaanza, na mara nyingi unaisha kwa kejeli kabla mtu hajaweka hesabu mezani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uvutano hupungua kwa kadiri unavyokwenda mbali na kitovu cha dunia, na kitovu hicho kiko kilometa 6,371 chini ya miguu yetu. Ndege ya abiria ikiwa kilometa 11 juu, umbali huo umetoka 6,371 ukawa 6,382. Ukiweka kwenye kanuni ya Newton, uvutano umeshuka kwa asilimia 0.34, yaani kutoka 9.81 hadi 9.776 hivi. Ndege ya upelelezi ya U-2, ambayo huruka kilometa 21 juu na rubani wake huvaa suti inayofanana na ya mwanaanga, imepoteza asilimia 0.66 tu. Hata kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, kilicho kilometa 400 juu, bado kinavutwa kwa karibu asilimia 89 ya nguvu ya ardhini. Wanaanga wa kule wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kilometa 7.7 kila sekunde, kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao kabla hawajaifikia. Kwa hiyo anayetarajia ndege iwe nyepesi usukanini kwa kuwa imefika futi 60,000 anatarajia kitu ambacho marubani halisi nao hawakipati.

Mpaka hapo upande wa "tofauti ni ndogo" unaonekana umeshinda. Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Dunia si tufe kamili na inazunguka. Matokeo yake ni kwamba uvutano unaopimwa usawa wa bahari ni 9.780 kwenye ikweta na 9.832 kwenye ncha. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya nusu asilimia, na hujapanda hata mita moja. Chukua ndege mbili: moja imeegeshwa Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta, mita 1,624 juu ya bahari na hatua chache kutoka ikweta, nyingine iko kilometa 11 juu ya Oslo. Ya Nairobi inavutwa kwa takriban 9.775. Ya Oslo, pamoja na kimo chake chote, kwa 9.785. Iliyoko angani ndiyo nzito zaidi. Mchezaji anayedai uvutano upungue kwa kimo lakini hadai ubadilike kati ya Kenya na Norway anadai nusu ndogo ya ukweli.

Na si hilo tu. Ndege ikiruka mita 250 kwa sekunde kuelekea mashariki juu ya ikweta, kasi yake inajumlishwa na mzunguko wa dunia, na nguvu ya kutupwa nje inayotokana na mwendo huo inaipunguzia uzito kwa karibu asilimia 0.47. Ikigeuza na kurudi magharibi kwa kasi ileile inaongezeka asilimia 0.27. Mhungaria Loránd Eötvös ndiye aliyelieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya vipimo vya uvutano vilivyochukuliwa melini kutofautiana kulingana na upande meli ilikoelekea. Kwa ndege ya tani 200 iliyotoka Afrika Mashariki ikikatiza Bahari ya Hindi, tofauti kati ya kwenda na kurudi inakaribia tani moja na nusu ya mzigo ambao mbawa zinapaswa kuubeba. Kimo cha kilometa 11 peke yake kinapunguza kilo 680. Wahandisi wanaofanya majaribio ya ndege mpya husahihisha mambo haya yote matatu, yaani kimo, latitudo na mwelekeo, kabla ya kuandika ndege inatumia mafuta kiasi gani. Wanajua kwamba ukisahihisha moja ukaacha mengine hujasahihisha.

Ila hata hayo yote yakijumlishwa hayafui dafu mbele ya hewa. Kwenye kilometa 11, hewa imebaki na asilimia 30 tu ya uzito iliyo nao usawa wa bahari. Ndege ambayo mbawa zake zinashindwa kuibeba ikishuka chini ya kilometa 220 kwa saa huku chini, kule juu itahitaji kama 403, kwa kasi halisi dhidi ya hewa, ili isianguke. Ukiingiza uvutano uliopungua, hiyo 403 inashuka kwa pungufu ya kilometa moja kwa saa. Kwenye kimo cha U-2 hewa ni asilimia 6 hivi, na nafasi aliyonayo rubani kati ya mwendo mdogo unaoangusha ndege na mwendo mkubwa unaoitikisa mpaka iharibike ni finyu kiasi cha noti 10 za kasi (kama kilometa 18 kwa saa), wakati mwingine pungufu. Hapo ndipo gemu inapaswa kupimwa. Je, ukizembea kidogo na usukani kule juu, ndege inakuadhibu? Joto likipanda nyuzi 10 juu ya kawaida ya kimo kile, jambo ambalo hutokea, hewa inapungua uzito kwa zaidi ya asilimia 4, na injini inahema. Hiyo ni mara 12 au 13 ya athari ya uvutano tunayoigombania. Gemu inayokosea hili halafu ikapatia uvutano kwa desimali tatu haina cha kujivunia.

Sasa niwape wenye lalamiko haki yao, maana wana hoja moja nzito ambayo hawaitumii vya kutosha. Kwanza wanasema ni mstari mmoja tu wa programu: badala ya namba moja, weka kanuni. Kompyuta ya leo haitauhisi. Hilo ni kweli, ingawa si bure kama linavyosikika. Majedwali ya anga sanifu, yaani orodha za joto, mgandamizo na uzito wa hewa kwa kila kimo, ambayo karibu kila gemu huyatumia hayahesabu kimo cha kawaida. Yanatumia kimo kilichorekebishwa, ambamo kupungua kwa uvutano kumeshaingizwa ndani. Kwenye kilometa 11 vimo hivyo viwili vinaachana kwa mita 19, kwenye kilometa 100 kwa zaidi ya kilometa moja na nusu. Atakayebadilisha uvutano bila kugusa jedwali, au akavichanganya vimo hivyo, ameingiza kosa jipya mahali pa la zamani.

Hoja nzito ni ya vifaa vya kuongozea ndege. Mtambo wa kujua ndege iko wapi bila kutegemea setilaiti hupima mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika), unaondoa uvutano, kisha unakokotoa. Ukiuambia uvutano ni 9.81 wakati ni 9.776, kosa la 0.034 linageuka mita 61 za kimo ndani ya dakika moja, na linaendelea kukua kwa kasi. Ndiyo maana mitambo halisi hubeba kanuni kamili ya uvutano na bado husaidiwa na kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo "asilimia 0.34 si kitu" ni kauli ya abiria, si ya fundi. Lakini gemu nyingi haziendeshi mtambo huo kwa njia hiyo. Programu inajua ndege iko wapi kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoiweka hapo, kisha inaongeza kosa kidogo la kuigiza. Hoja inabaki na nguvu kwa anayejenga mtambo wa kweli ndani ya gemu; kwa wengine inakosa pa kushika.

Kuna kosa jingine ambalo sijaona likipigiwa kelele, nalo lina ukubwa uleule. Gemu haihesabu mwendo mfululizo, inauhesabu kwa vipande vya muda. Ikitumia njia rahisi kabisa ya kujumlisha na vipande vya 1/30 ya sekunde, jiwe lililoangushwa pasipo hewa kwa sekunde 10 litapishana na ukweli kwa mita 1.6 kati ya 490. Hiyo ni asilimia 0.33, karibu sawasawa na uvutano unaopotea kwenye kilometa 11. Njia bora za kukokotoa zipo na zinajulikana siku nyingi, lakini mchezaji mwenye kompyuta dhaifu, fremu zikishuka, anaweza kuwa na uvutano sahihi unaoendeshwa na hesabu mbovu.

Mambo yanageuka kabisa ndege ikiacha kuwa ndege ya kawaida. Mwaka 2022 Microsoft Flight Simulator iliongezewa Darkstar, ndege ya kubuni ya kwenda Mach 10, yaani mara kumi ya kasi ya sauti, zaidi ya futi 150,000 juu. Kwa kimo hicho uvutano umepungua asilimia 1.4, bado kidogo. Lakini kwa kasi hiyo, kufuata mviringo wa dunia peke yake kunaondoa kama asilimia 17 ya uzito. Chombo cha Space Shuttle, kilichostaafishwa mwaka 2011 lakini wachezaji wa gemu ya X-Plane wamekuwa wakikirusha, kilipokuwa kikirudi duniani kilianza kugusa hewa kilometa 122 juu kikiwa na kasi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake inabebwa na mwendo wenyewe. Ukikipa chombo hicho dunia bapa, hakuna marekebisho ya mbawa yatakayokifikisha nyumbani. Hapa sina huruma na mtengenezaji. Anayeuza safari ya ukingo wa anga lazima auze na dunia ya mviringo inayozunguka, na uvutano unaopungua unakuja humohumo ndani.

Wapo waliolifanya vizuri. JSBSim, injini ya hesabu iliyo huria na inayotumika ndani ya gemu ya FlightGear, ina dunia inayozunguka na uvutano unaozingatia kwamba dunia imebonyea kwenye ncha. Mwaka 2015 NASA ilichapisha majaribio ya kulinganisha programu kadhaa za kuigiza urubani, yakiwemo mambo ya kawaida kabisa kama kuangusha tufe na kurusha gololi ya mzinga upande wa mashariki, na JSBSim ilikuwa miongoni mwa zilizopimwa. Orbiter, gemu ya safari za anga za juu aliyoianzisha Martin Schweiger wa University College London, inakokotoa hadi mvutano wa sayari kadhaa kwa wakati mmoja.

Halafu kuna Kerbal Space Program, ambayo nadhani ndiyo iliyowapa wengi hisia hii kwamba gemu za ndege zinadanganya. Sayari yake ya nyumbani, Kerbin, ina nusu-kipenyo cha kilometa 600 tu, ila uvutano wa juu ya ardhi yake umewekwa sawa na wa dunia yetu. Ukifika kilometa 70, hewa inapoishia, uvutano umeshuka kwa asilimia 20. Kule kupungua kunaonekana kwa macho. Anayetoka Kerbin akaingia kwenye ndege ya abiria juu ya Ulaya lazima aone kuna kitu hakipo, kumbe alichozoea ni sayari ndogo. Na gemu hiyohiyo inayosifiwa huruhusu chombo kivutwe na sayari moja tu kwa wakati mmoja.

Kwa gemu ambazo msimbo wake umefungwa, kipo kipimo ambacho mchezaji anaweza kukifanya mwenyewe, mradi awe na ndege ya roketi kama X-15, ile ambayo Joe Walker aliifikisha karibu kilometa 108 mnamo 22 Agosti 1963. Panda wima kadiri uwezavyo, zima injini, na anza kuhesabu ukiwa kilometa 60 juu na kasi ya kupanda ya mita 1,000 kwa sekunde, muda huo hewa haina tena la kusema. Uvutano ukiwa namba isiyobadilika, ndege itafika kileleni baada ya sekunde 102, ikiwa imeongeza kilometa 51. Ukiwa unapungua inavyotakiwa, itachukua sekunde 105 na kuongeza kilometa 52.4. Ukitaka kwenda mbali zaidi, rudia karibu na ikweta ukiwa na mita 1,000 nyingine za kwenda mbele kwa kila sekunde, kwanza mashariki, kisha magharibi. Kasi ya mbele itarefusha muda mara zote mbili, lakini safari ya mashariki inapaswa kuzidi ya magharibi kwa sekunde tatu hivi. Zikilingana, dunia ya gemu yako haizunguki, na hilo ni lalamiko zito kuliko la 9.81.