Betri ya Gari Haikutengenezwa kwa Kazi ya Pampu

Juzi nilikwenda kumsalimia mama mdogo, anayelima mchicha na matembele nje kidogo ya mji wa Tabora, nikamkuta anateka maji kisimani kwa ndoo ilhali pampu yake ndogo ya volti 12 imelala kando. Betri aliyoinunua miezi miwili iliyopita, kwa akiba ya msimu mzima, haishiki chaji tena. Niliposoma maandishi ya ubavuni nilipatwa na uchungu: ni betri ya gari, ya ampea-saa 70 (kipimo cha umeme unaoweza kuhifadhiwa ndani yake), na muuzaji alimhakikishia kwamba betri zote ni sawa.

Si sawa hata kidogo. Betri ya gari ina sahani nyingi nyembamba za risasi, kwa sababu kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha altaneta, yaani mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, huujaza upya gari likiwa linatembea. Pampu haina altaneta; hunywa umeme polepole kwa saa nyingi. Ya mama mdogo ni ya wati 120, na ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 10. Kwa kuwa anaiendesha saa 4 kila jioni, anatumia ampea-saa 40, yaani zaidi ya nusu ya betri ile, kila siku iendayo kwa Mungu. Sahani nyembamba zikikamuliwa kiasi hicho, dawa iliyopakwa juu yake humomonyoka na kutuama chini, na hakuna chaji itakayoirudisha. Betri ya sola yenye sahani nene, ya ampea-saa 100, ingefanya kazi hiyohiyo bila kufika nusu.

Muuzaji alipaswa kuuliza maswali mawili tu: pampu ni ya wati ngapi, na inafanya kazi saa ngapi kwa siku. Hakuuliza, na mkulima ndiye aliyelipa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba betri ya gari ni rahisi kupatikana na kila fundi anaifahamu. Wenye uwezo wanunue ya lithiamu, ambayo hustahimili kutumiwa karibu yote, mradi chaja yake iwe ya aina hiyo. Na mwenye tangi lililoinuliwa anaweza kuiunganisha pampu ya sola na paneli moja kwa moja mchana, akaachana na betri kabisa. Mama mdogo hana tangi, na mchicha wake humwagiliwa jua likishatua.

Tumekubaliana kuchangishana ndugu tumnunulie ya sola. Tutaijengea kisanduku chenye matundu ya hewa chini ya mwembe, mbali na kibanda cha bati, kwa sababu joto la Oktoba huku kwetu hufupisha sana maisha ya betri ya risasi.