Likizo Isiyo na Sababu

Fomu ya likizo ya ofisini kwetu ina mstari uliochapwa "Sababu ya likizo", na katika miaka tisa niliyofanya kazi hapo sikuwahi kupata taabu ya kuujaza. Nimeandika msiba wa bibi kule Muheza, nimeandika kumuuguza mama, nimeandika harusi ya mdogo wangu, na mwaka juzi niliandika kumsimamia fundi aliyekuwa akipaua nyumba yetu ya Kimara, ambaye kila nilipompa kisogo alipunguza misumari. Mwaka huu niliandika neno moja tu, "kupumzika", na baada ya siku mbili fomu ikarudi mezani kwangu ikiwa na maandishi ya wino mwekundu: "Fafanua."

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, kwa hiyo ningeweza kufafanua kwa kunukuu kifungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku zisizopungua 28 za likizo yenye malipo kwa kila mzunguko wa miezi 12 ya kazi, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa ndani yake, na haimdai maelezo ya atakachozifanyia. Sikuthubutu. Niliandika "mambo ya kifamilia", na fomu ikapita bila swali, nadhani kwa sababu kila aliyeisoma alidhani nyumbani kuna mgonjwa.

Maoni yangu ni kwamba tumejizoeza kuiona likizo kuwa akiba ya dharura, kitu cha kufungiwa sandukuni hadi mtu afe, aoe au augue. Kwa hesabu hiyo, mume na mke walioajiriwa wanaweza kuishi pamoja miaka kumi wakionana vizuri misibani na harusini tu, wakiwa wamevaa vitenge vya sare na kuzungukwa na ndugu wa pande zote mbili, wasiwahi hata siku moja kukaa jikoni kwao Jumatano saa tano asubuhi bila jambo lolote kuwalazimisha. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetimiza miaka 11 ya ndoa kwa namna hiyo, na hatukuwa na ugomvi wowote mkubwa wa kutushtua.

Yeye ni mtunza stoo, na wiki za mwisho wa mwezi hatoki kazini kwa sababu ya kuhesabu mali, kwa hiyo tulichagua wiki ya pili ya mwezi tukaomba siku saba kwa pamoja. Dada anayetusaidia kazi tukampa likizo yake pia, pamoja na mshahara wake kamili na nauli ya kwenda kwao Lushoto. Katika hili sina mjadala. Familia inayosema inapumzika nyumbani huku msichana mmoja akiosha vyombo vya watu wanne imehamishia uchovu wake kwa mtu mwingine, na msaidizi wa kazi za nyumbani ni mwajiriwa kama mimi, wala sheria niliyoitaja haikumbagua.

Nisingependa msomaji adhani kwamba raha ilianza Jumatatu ile ile. Saa kumi na moja alfajiri sote wawili tulikuwa macho kwa mazoea, tukabaki tumekaa sebuleni kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Saa tatu, nilipokuwa nikianika nguo, jirani alinichungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Jirani, kwema? Naona hujatoka, unaumwa?" Nilipomjibu kwamba niko likizo, akauliza nani amefariki. Kesho yake, alipomwona na mume wangu akiwa kwenye bukta uani, aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumepunguzwa kazini wote wawili. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ananisomea tu kwa sauti ule mstari wa fomu.

Jumatatu hiyo mchana nilipika wali na maharage, na mwanangu mdogo, mwenye umri wa miaka mitano, akaonja kijiko kimoja akasema kwa upole kabisa kwamba wali wa dada huwa na chumvi nzuri zaidi. Tulicheka. Baadaye niliingia chumbani nikakaa kitandani kwa muda, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli: mimi hutoka kabla hajaamka na kurudi akiwa amekwisha kula, na ulimi wake umelelewa na mtu mwingine ninayemlipa. Sikumwonea dada wivu. Nilijionea huruma mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba wiki moja ni fupi.

Jumanne tukaitoa mbuzi ya kukunia nazi juu ya kabati, ilikokuwa imekaa tangu tulipoanza kununua tui la pakiti. Kwa watu wa kwetu Muheza, wali usiotiwa nazi ni chakula cha mgonjwa, lakini nazi inadai muda, na muda ndio niliokuwa siuoni. Mtoto mkubwa alikaa juu ya mbuzi akakuna, mdogo akawa anaiba machicha. Nilimwonyesha yule mkubwa jinsi ya kulikamua tui la kwanza, lile zito, na kuliweka kando, kisha kutia maji ya vuguvugu na kukamua tui la pili, jepesi, ambalo ndilo linalotangulia jikoni. Lile zito huingia mwisho, na mchuzi hukorogwa bila kuachwa, kwa sababu tui likichemka halijaguswa hukatika na kuelea mafuta. Mambo hayo nilifundishwa na bibi yangu, yule yule ambaye msiba wake uliwahi kunipa siku tano za likizo, na nilipokuwa nikiyarudia maneno yake niligundua kwamba mwanangu mwenye miaka tisa hakuwahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Wali tuliupika kwa mkaa, tukaupalia makaa juu ya mfuniko ili upate ukoko. Najua kwamba serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na ninauunga mkono kwa moyo wote kwa sababu nimekua katika jiko lililojaa moshi. Siku nyingine zote sisi ni watu wa gesi. Ila gesi haijajua kupalia, na ukoko wa siku ile uligombaniwa na watu wanne hadi sufuria ikapinduliwa na kugongwa matako.

Ugomvi wa kweli ulitokea saa moja kabla ya hapo. Mume wangu alikuwa amejitolea kukata vitunguu, akavikata vipande vinene kama vya kutia kwenye supu ya ng'ombe mzima, nami bila kufikiri nikamnyang'anya kisu. Akanitazama, akasema, "Mama watoto, kama unataka nikusaidie, niachie kisu, kama unataka kunisimamia, heri nirudi stoo." Nilikasirika, kisha nikaona kwamba ana haki. Nilipoolewa nilifanyiwa kicheni pati, nikapewa masufuria, hotpoti, seti mbili za sahani na nasaha zisizopungua saa nne juu ya namna ya kumlisha mume. Yeye hakupewa hata mwiko, na hakuna aliyemkalisha chini kumwambia chochote. Mtu aliyetangaziwa mbele ya umati kwamba jiko ni ufalme wake hawezi kumwachia mwingine kisu kwa urahisi, hata ufalme wenyewe ukiwa unamchosha. Nikamrudishia kisu. Vitunguu vyake vinene vilichelewa kuiva, na mchuzi ukawa mzuri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na makundi mawili yanayonifikia kila siku kwenye simu, moja likisema mke mwema hujulikana kwa mapishi yake, jingine likisema mwanamke aliyeelimika hana sababu ya kusimama jikoni. Yote mawili yanazungumza juu ya chakula kana kwamba hupikwa na mtu mmoja aliye peke yake. Ugali ninaousonga saa mbili usiku baada ya foleni, viatu vikiwa bado miguuni, ni kibarua, na sitamruhusu mtu yeyote auite mapenzi. Ugali ule ule, ukisongwa mchana wa Jumatano wakati mwenzangu anachambua mchicha kwenye kigoda na kunisimulia habari za kazini kwake, haukuniacha na uchovu wowote ninaoukumbuka. Unga na mwiko ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba saa haikuwa ikinikimbiza, na kwamba kulikuwa na mtu.

Kazi yangu imenipa jicho moja baya katika jambo hili. Kwa miaka tisa nimechapa maombi ya talaka, na ingawa siri za wateja si zangu kuzitoa, naweza kusema kwamba nyaraka hizo zina lugha moja. Kabla ya kufika mahakamani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache, wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baada ya hapo huja orodha: nani alinunua kiwanja, nani alilipia bati, jokofu ni la nani. Katika orodha hizo jiko lilipata heshima yake kwa kuchelewa. Ni mwaka 1983 ambapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke za kuitunza nyumba zinahesabika kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Ninaupenda uamuzi huo, na nimeuchapa katika hoja za mawakili mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinaujua bila macho. Lakini kila ninapouchapa huwa ninawaza kwamba ile kazi ya jikoni inatajwa kwa sauti kwa mara ya kwanza mbele ya jaji, wakati waliokula chakula chenyewe hawaketi tena meza moja.

Alhamisi ilikuwa zamu yake. Mume wangu ni mtu wa Machame, na kwao mtori ndicho chakula anachopewa mwanamke aliyetoka kujifungua. Mara zote mbili mama mkwe alikuja Dar es Salaam na ndizi zake kwenye gunia, akanipikia kwa wiki kadhaa, huku mwanawe akila tu yanayobaki. Safari hii alikwenda sokoni mwenyewe kutafuta ndizi mshare, akazimenya bila kujipaka mafuta mikononi, utomvu ukamganda hadi kwenye kucha. Ilipofika saa ya kuzichanganya na nyama akapotea njia, akampigia mama yake. Tulimsikia sote kwa sababu aliweka spika. Mama hakujibu habari za ndizi kwanza, aliuliza, "Mkeo anaumwa?" Alipohakikishiwa kwamba niko mzima na nimekaa hapo hapo namtazama, alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa muda mrefu, akaanza kumwelekeza hatua kwa hatua: nyama ya mifupa itangulie ilainike, ndizi zifuate, nyama itolewe, ndizi zipondwe kwa mwiko hadi ziwe kama uji mzito, kisha nyama irudi. Mazungumzo hayo yalichukua karibu saa nzima, na nusu yake hayakuhusu mtori. Mama alimsimulia jinsi baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alivyowahi kuunguza chungu kizima alipokuwa akijaribu kumpikia yeye, habari ambayo mume wangu hakuwahi kuisikia akiwa na umri wa miaka 42.

Mtori wenyewe ulikuwa na mabonge. Watoto waliula wote.

Nafahamu kwamba ninayoyasema ni ya mtu mwenye mkataba wa ajira. Mama lishe wa kituoni kwetu akifunga banda kwa siku saba, siku ya nane hana mtaji, na hakuna fomu atakayoijaza ili apate hata siku moja. Wapo pia wenye uwezo ambao wangechukua wiki hiyo wakaenda Zanzibar, nami siwalaumu, ingawa nimewahi kwenda na ninachokikumbuka zaidi ni kuhangaika na mizigo na watoto bandarini. Ninaozungumza nao ni wale wa katikati, wenye siku 28 kila mwaka, ambao wakiulizwa wamezitumiaje hutaja makaburi na kumbi.

Jumapili jioni dada alirudi na mfuko wa matunda damu kutoka Lushoto, akaingia jikoni, na kabla hata hajafungua kanga yake ya safari akauliza ni nani aliyeweka sufuria kubwa chini ya ndogo. Watoto wakamnyooshea baba yao kidole. Nilikuwa napiga pasi sare za shule, nikawasikia wakimsimulia habari ya ukoko, ya mabonge na ya bibi kwenye simu, wote wawili kwa wakati mmoja.

Zimebaki siku 21. Ndugu wa mume wangu anaoa Desemba, na paa la nyumba ya mama kule Muheza linavuja, kwa hiyo najua baadhi yake zitakwenda wapi. Hata hivyo nimekwisha kuomba siku saba nyingine za mwezi Juni, naye ameziomba hizo hizo. Kwenye mstari wa sababu sikuandika kitu, na fomu ikirudi na wino mwekundu nitaipeleka tena ikiwa hivyo hivyo.