Baise-moi: filamu mbovu iliyoonewa

Kibali cha kwanza cha kuonyesha Baise-moi kilidumu siku 2. Filamu iliingia kwenye kumbi za Ufaransa tarehe 28 Juni 2000, ikiruhusiwa kwa wenye miaka 16 kwenda juu. Tarehe 30, baada ya shauri lililofunguliwa na chama cha Promouvoir, watetezi wa maadili ya dini na familia, Baraza la Dola, mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa kwa mashauri dhidi ya serikali, likakifuta kibali hicho.

Kisa chenyewe ni kifupi. Manu amebakwa, kisha amempiga risasi kaka yake. Nadine amemnyonga msichana aliyekuwa akiishi naye. Wanakutana usiku, wanapanda gari na kutoroka, wakiiba na kuua kila wanapopita. Ngono inayoonekana humo ni ya kweli, si ya kuigiza, na kwa hilo nakubaliana na waliolalamika: mtoto wa miaka 16 hakupaswa kuuziwa tiketi.

Tatizo ni kwamba daraja la miaka 18 lilikuwa limeshafutwa Ufaransa tangu 1990. Filamu isiyofaa kwa miaka 16 ilitupwa moja kwa moja kwenye kapu la ponografia, lenye kodi nzito na kumbi zake maalumu, ambazo karibu zote zilikuwa zimefungwa. Kwa maneno mengine, ilizikwa. Waliozikiwa kazi yao ni wanawake wawili, Coralie Trinh Thi na Virginie Despentes, na huyu wa pili amesimulia hadharani jinsi alivyobakwa akiwa na miaka 17.

Ndiyo maana tukio la ubakaji haliniachi. Rafiki yake Manu, si Nadine bali mwingine anayebakwa pamoja naye, anapiga mayowe na kupigana. Manu amelala kimya, uso mkavu, mpaka mbakaji anakerwa na ukimya ule. Baadaye rafiki huyo anashindwa kumwelewa: aliwezaje kutulia vile? Ni swali ambalo wanawake wangapi wameulizwa, polisi na hata nyumbani kwao! Kunyamaza si kuridhia, na sijaona filamu iliyolisema hilo waziwazi kiasi hiki.

Lakini baada ya hapo filamu inaporomoka. Manu na Nadine wanamuua mwanamke kwenye mashine ya kutolea pesa kwa sababu ya kadi yake. Yeye amewakosea nini? Watetezi wa filamu husema picha zile chafu za kamera ya dijitali na mauaji yasiyo na sababu ni makusudi, ndivyo hasira ilivyo. Nawaelewa, ila hasira inayompiga yeyote inamsahau aliyeianzisha. Wanaouawa hawana majina wala maisha, na dakika 77 zinakuwa ndefu mno.

Julai 2001 serikali ikarudisha daraja la miaka 18, na mwezi uliofuata filamu ikarejea kumbini. Mtu mzima akaweza kulipa, kuketi, na kutoka katikati ikimshinda.