Cheti kilikubalika uwanja wa ndege, mbona si barabarani?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kufungwa kwa Nairobi wakati wa korona kulikuwa haki kwa sababu kulimbana kila mtu. Sikubali hata kidogo. Chukua agizo la Machi 26, 2021, lililofungia kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kutoka au kuingia eneo hilo kulipigwa marufuku, iwe kwa barabara, reli au ndege, lakini safari za nje ya nchi ziliendelea, mradi abiria awe na cheti cha PCR (kipimo cha maabara cha korona) kuonyesha hana virusi, cha ndani ya saa 96. Yaani mwenye pasipoti aliweza kuruka kwenda Dubai, na kibarua wa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, asiweze kufika Murang'a kumwona mamake mgonjwa. Virusi ni vilevile! Kama cheti kilitosha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kingetosha pia kwenye kizuizi cha polisi. Kipimo cha haraka cha antijeni hutoa jibu ndani ya nusu saa. Hukosa baadhi ya walioambukizwa, ndiyo, ila ni bora kuliko kukataa wote.

Halafu nauli. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8. Mafuta, dereva na makanga ni gharama ileile, kwa hivyo ili mapato yasishuke, nauli ya shilingi 100 lazima ifike 175. Mwenye gari lake binafsi hakuongezewa gharama hata senti.

Agizo lolote lijalo liseme siku hiyohiyo nani anapewa kibali cha mazishi au matibabu, na ofisi gani inakitoa.