Bangili ya Mgongo

Wiki moja kabla ya safari niliuziwa bangili ndani ya basi. Jamaa alisema ina sumaku saba: inashusha presha, inatoa gesi, inanyoosha mgongo. Presha sina, lakini mgongo, jamani! Nikatoa elfu kumi na tano.

Sasa sikia kazi niliyokuwa naenda kuifanya. Tulikuwa tunatoboa lava za zamani njia ya Ngorongoro. Lava ikipoa, vichembe vyake vya magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, hushika uelekeo wa sumaku ya dunia na kuutunza kwa mamilioni ya miaka. Ndivyo wataalamu walivyojua India ilikuwa kusini ya ikweta kabla ya kupanda kwenda kuigonga Asia. Ila kipande lazima kipimwe kwa dira kikiwa bado mwambani. Ukiking'oa bila kupima, umebeba kokoto. Mdogo wa msafara, yaani mimi, hubeba madumu ya maji ya kupoozea mashine, kisha ndiye hupima.

Nilipima tangu asubuhi. Vipande 23, mwandiko safi.

Saa tisa Dokta, mtaalamu wetu wa miamba, akaja na dira yake ya jua, ile ya kijiti na kivuli. Akapima vipande vitatu vinne, akasoma daftari langu. Akapangusa miwani, akasoma tena.

"Kijana, kwa hesabu zako Afrika imezunguka nyuzi 40. Halafu baada ya chai ikarudi mpaka 12."

"Labda ni mwendo wa bara, Dokta."

"Bara linakwenda kama sentimita mbili kwa mwaka. Hili lako limepanda bodaboda?"

Nikajitetea kwamba basalti yenyewe, huo mwamba wa lava, huvuta dira. Na kweli huvuta, ndiyo maana wanabeba ile ya jua. Hakunijibu. Akaweka dira ya kawaida kiganjani, akasogea mbali na mwamba. Sindano ikatulia kaskazini. Kisha akaanza kunifuata, polepole kama mtu anayenyatia kuku. Aliponifikia, sindano ikatetemeka, ikageuka, ikanitazama mkononi.

"Vua."

Nikarudia vyote 23, jua likinikimbia. Dereva, aliyekuwa akicheka tangu mwanzo, akanivuta pembeni.

"Dogo, lakini mgongo vipi?"

Sikumficha: umepona.

"Nakupa elfu nane."

Tukamalizana kwa tisa.